Moto wa Gereji, Nyama ya Farasi

14 Novemba
Nje nyuzi 11 chini ya sifuri, ndani ya gereji nyuzi 8 chini. Nyama iko salama.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Hili ni daftari la zamu lililobaki nilipostaafu kwenye tanuri kuu la mtaa, lile linalopeleka maji ya moto majumbani. Miaka ishirini na saba nilichochea makaa ya mawe pale, na kila zamu niliandika nje kuna baridi kiasi gani, ndani kuna joto kiasi gani, na jambo lolote lililotokea. Jambo la leo ni hili: mwanangu Kairken anataka kuweka jiko ndani ya gereji.

Gereji ndimo ilimo sogym yangu. Wiki iliyopita tulichinja farasi wa majira ya baridi kama kila mwaka, nyama ya kutufikisha mpaka majani yaote. Mapaja, mbavu, soseji nilizozijaza kwa mikono yangu, zote zinaning'inia kwenye kulabu za ukuta wa nyuma. Banda la uani lilibomoka paa, nyumbani kuna joto, na ukitundika nje mbwa watakushukuru. Gereji ndiyo jokofu letu. Nani anawasha moto ndani ya jokofu?

"Apa, si kwa ajili ya gari," Kairken akaniambia. Apa ni mama, na vijana wote wa mtaa huniita hivyo. "Ni kwa ajili ya Inkar."

Inkar ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na minne, na kichwa chake kimejaa mieleka. Mabomba ya ukumbi wa mazoezi yamepasuka kwa baridi, nao umefungwa mpaka masika. Tarehe kumi na sita Machi kuna mchujo wa shule ya bweni ya michezo huko Karaganda. Asipochukuliwa safari hii, mwakani atakuwa amepita umri. Mama yake, Zaure, alicheza mieleka kabla hajaolewa kwetu, na anasema atamfundisha mwenyewe, mradi pawe na mahali pasipogandisha mtu.

Nikasema, "Yaani sogym ya nyumba nzima ioze ili msichana ajifunze kubwaga watu?"

Kairken akainamisha kichwa. Ni dereva wa lori la mkate, mtu mpole, hajawahi kunijibu. Zaure alinimiminia chai mpaka bakuli likajaa pomoni. Kwetu mtu wa heshima humiminiwa kidogo kidogo. Ukijaziwa bakuli umeambiwa kunywa uende zako. Miaka kumi na sita ni mkamwana wangu, hajawahi kunifanyia hivyo.

Niliinywa yote, tena polepole.

16 Novemba
Nje 13 chini, ndani 10 chini.
Tumepatana. Gari litalala nje. Gereji itagawanywa kwa pazia la busati la sufu lililokuwa la hema la marehemu baba mkwe: nyuma nyama, mbele jiko na mtoto. Nimewaambia wazi kwamba moto huo mimi siugusi. Hakuna aliyeniomba niuguse.

21 Novemba
Nje 17 chini, ndani 2 chini, moshi hauna kipimo.
Kairken ameunda jiko kwa pipa la chuma. Nimemtazama nikiwa dirishani jikoni. Anamwaga makaa ndoo nzima kwa mkupuo, moto unasongwa, moshi wa njano unatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba lake. Zaure na Inkar wanafanya mazoezi wakiwa wamevaa makoti, wanakohoa. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa.

22 Novemba
Nje 17 chini. Moshi.

23 Novemba
Nje 20 chini. Moshi. Jirani yangu Dametken amenipigia kelele juu ya uzio: "Rysty, mnaungua au mnapika?" Nikamjibu tunapika jirani mbea.

3 Desemba
Nje 26 chini.

Mchana nilikwenda kukagua nyama. Nilipofungua mlango, Kairken alikuwa ameshika kilango cha bomba la moshi, anakifunga. Akasema, "Joto lisitoroke, Apa." Mlango wa jiko ulikuwa wazi, nikayaona makaa. Juu yake palikuwa na vimoto vya bluu, vidogo, vinacheza.

Mtu wa tanuri akiona bluu hiyo haulizi swali. Makaa yenye bluu bado yanatoa hewa ya kuua, hewa isiyo na harufu, na ukifunga bomba hewa hiyo inarudi ndani kwako. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimvuta mwenzangu kwa miguu kutoka chumba cha chini, alikuwa amekaa kitini kama anasinzia. Hakuamka.

Nilipiga ukelele ambao nadhani Dametken aliusikia kitandani kwake. Nilimsukuma Kairken, nikafungua kilango, nikapiga teke milango mikubwa ya gereji ikafunguka yote miwili. Zaure alikuwa amekaa chini ameshika paji la uso. Inkar nilimkokota kwa ukosi mpaka kwenye theluji, akatapika, akalia, akasema kichwa kinampasuka. Nikamshukuru Mungu kwamba kinamuuma, maana aliyekufa haumwi.

Baada ya saa moja wote watatu walikuwa mezani na rangi imewarudia. Ndipo nikafungua mdomo. Nilimwita mwanangu majina ambayo sitayaandika. Akasikiliza yote. Halafu akasema, bila kunyanyua macho:

"Apa, ulikuwa unajua haya yote na hukutuambia."

"Hamkuniuliza!"

"Tulikuogopa," akasema Zaure. "Ulikuwa dirishani unatucheka."

Walikuwa wameniona. Wiki mbili nilisimama pale nikifurahia moshi wao, na mtoto wetu alikuwa ndani yake. Nimekuwa mtu wa namna gani? Niliondoka mezani, nikaingia chumbani, nikatoa sandukuni glovu zangu za ngozi za kazini. Niliporudi nikasema, "Kuanzia leo kilango kile hakiguswi na mtu mwingine. Nitakayemkuta amekishika, nitamfungia yeye humo."

Kairken akacheka huku machozi yanamtoka.

4 Desemba
Nje 25 chini, ndani hatukupima, tumebomoa jiko lote.
Tumelizungushia pipa matofali yaliyotoka kwenye banda lililoanguka, maana chuma hupata joto upesi na kulisahau upesi, lakini tofali hukumbuka. Bomba tumelirefusha mpaka juu ya paa. Chini ukutani, kando ya mlango wa gereji, nimetoboa tundu la hewa, lisizibwe hata kama malaika anaomba. Kairken alitaka kujua kwa nini tutoboe ukuta tunaotaka uwe na joto. Nikamwambia moto nao una pua.

5 Desemba
Nje 25 chini, ndani 6 juu. Moshi unatoka bombani tu.

11 Desemba
Nje 24 chini, ndani 9 juu. Nyuma ya pazia 7 chini. Nyama ngumu kama jiwe, mtoto analoa jasho. Siri ni vumbi la makaa: silitupi, nalilowanisha maji kidogo, nalifunika juu ya moto uliokomaa, linajenga ganda na kuwaka taratibu nusu siku. Bomba linabaki wazi. Kijana wa dukani anayeuza mabonge makubwa tu hajui hili, na mimi simwambii.

19 Desemba
Nje 28 chini, ndani 10 juu.

Sasa nakaa na moto kila jioni, kwa hiyo nawaona. Na nina la kukiri.

Nilidhani mieleka ni kusukumana. Leo Zaure alikuwa anamwonyesha Inkar namna ya kumwingia mtu chini ya kwapa. Kwa kuwa hakuna msichana wa kupigana naye, baba mtu ndiye anayeangushwa. Kairken ana kilo tisini na tano. Zaure, anayenifikia begani, alimshika mkanda, akageuka kidogo tu, na mwanangu akapaa juu ya mgongo wake, akatua chali kwenye mabusati, puu! Theluji ikaanguka kutoka kwenye paa.

"Umeona kiuno?" akamwambia binti yake. "Usitumie mikono. Mikono hudanganya."

"Nimeona," akasema Inkar.

"Mimi sijaona," akasema Kairken kutoka chini. "Rudieni na mtu mwingine."

Nilicheka, kisha moyo ukanisinyaa. Zaure alipoletwa kwetu kama bibi harusi alikuja na medali tano ndani ya soksi. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba tumeoa mkamwana, hatukununua kondoo dume wa kupiga vichwa. Watu walicheka sana. Hakupigana tena. Miaka kumi na sita amenipikia, ameniosha miguu nilipougua, na kumbe mwili huu wote ulikuwa ndani yake umekaa kimya.

Nilitia makaa.

28 Desemba
Nje 30 chini, ndani 10 juu. Kairken anatembea kama mzee wa miaka mia.

6 Januari
Nje 34 chini. Ndani 19 juu. KUMI NA TISA!
Nimemwita Dametken aje aone kwa macho yake. Ilibidi avue koti, kisha sweta, kisha kitambaa cha kichwa. Akasema nyumbani kwake hana joto hili. Nikamwambia joto halinunuliwi, linasomewa miaka ishirini na saba. Sijajisikia hivi tangu nistaafu.

7 Januari
Nje 33 chini.

Majivuno ni maradhi. Asubuhi Inkar alikuja mbio. "Apa, nyama inalia!"

Nilipofunua pazia, damu ilikuwa inadondoka kutoka paja la kwanza, tone, tone, juu ya saruji. Soseji zilikuwa laini kama vidole vya mtoto. Kumi na tisa zangu zilikuwa zimepita pazia usiku kucha. Nyama yote iliyobaki, ya kutulisha miezi mitatu, imeyeyuka. Ikiganda tena inakuwa mpira, na isipoganda, siku tatu nne imeharibika.

Mimi, niliyepiga kelele Novemba kwa ajili ya nyama hii, ndiye niliyeiyeyusha. Hakuna wa kumsingizia. Nilisubiri Zaure aseme neno moja tu, nilistahili aniseme.

Akagusa paja, akanusa vidole. "Bado ni nzuri kabisa," akasema. "Apa, mwaka huu bado hatujawaita wazee kuionja sogym."

"Huwa tunaita wazee sita, tunapika sufuria moja!"

"Basi mwaka huu tutaita mtaa."

Nikamtazama. Hakuwa ananidhihaki. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameshaacha kuyatazama, anatafuta ndoo nyingine. Siku nzima nilitembea nyumba kwa nyumba nikialika, magoti yananiuma, nikiambia kila mmoja sababu halisi. Kama ni aibu, heri niigawe mwenyewe kuliko Dametken anigawie.

8 Januari
Nje 31 chini, ndani 16 juu, kwa wingi wa watu.

Walikuja sitini na wawili. Nyumbani hawakuenea, tukaweka meza ndani ya gereji, masufuria mawili yakichemka juu ya jiko langu. Wazee walipewa nafasi za heshima mezani, watoto masikio na figo. Mzee mmoja alisimama akaomba dua kwamba kila mwaka Rysty apatwe na msiba kama huu. Walikula, wakabeba mafungu kwenda nayo, na nyingine tukaipaka chumvi.

Kisha mtu akauliza mabusati haya yote sakafuni ni ya nini. Inkar akaona haya. Kairken akasema, "Ni ya kunivunjia mimi mgongo," na kabla hajamaliza, binti yake akamwonyesha mtaa mzima jinsi unavyovunjwa. Watu walipiga makelele! Dametken akasimama na mdomo una mafuta. "Gulnaz wangu ana miaka kumi na minne na anabeba ndama," akasema. "Kwa nini huyu apigane na baba yake kama yatima?"

Mpaka chai inaisha, Zaure alikuwa ameletewa wasichana wanne, mabusati saba na godoro moja la kitanda. Kila mtu alimwita kocha. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sikumwona hivyo hata siku ya harusi yake, na najua kwa nini.

15 Januari
Nje 29 chini, ndani 14 juu. Pazia tumeliondoa. Wasichana watano, gereji nzima. Gulnaz amembwaga Inkar mara tisa.

16 Januari
Nje 30 chini, ndani 14 juu. Mara saba.

24 Januari
Nje 27 chini, ndani 14 juu. Mara tano. Inkar amepasuka mdomo na anakula kama mbwamwitu.

3 Februari
Nje haipimiki. Dhoruba ya theluji, siku ya pili. Uzio hauonekani. Lori la makaa halijapita tangu juzi, na nimebakiwa na ndoo nne. Ndani 8 juu. Nilimwambia Zaure tupumzishe mazoezi, nani atatoka nyumbani kwake leo?

Saa kumi jioni mlango uligongwa. Ni Gulnaz, mweupe kama kinyago cha theluji, amejifunga kamba kiunoni. Nyuma yake wale wengine watatu kwenye kamba hiyo hiyo, na mwishoni kabisa, akitukana upepo, Dametken. Kila mmoja amebeba ndoo ya makaa ya nyumbani kwake.

"Funga mlango, mwanamke!" akanifokea. "Unapasha joto Siberia?"

Ndani 13 juu.

27 Februari
Nje 15 chini, ndani 14 juu.
Inkar amekataa kwenda kwenye mchujo. Anasema kama Gulnaz, asiyejua hata mieleka ni nini mpaka Januari, bado anambwaga, huko mjini atachekwa. Mama yake hakumbembeleza. Akamwambia, "Gulnaz ana kilo kumi zaidi yako. Kila siku unapigana na mlima, halafu unalalamika hujawa mrefu." Inkar akaenda nje akapiga teke ndoo. Baadaye akarudi, akafunga mkanda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na huyu alikuwa amekubali mara sitini.

Leo amembwaga Gulnaz. Mara moja. Gulnaz ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

16 Machi
Nje 4 chini. Gereji haina mtu.

Nimeketi kitandani nyumbani kwa mpwa wangu hapa Karaganda, na siwezi kulala mchana huu kama walivyoniamuru, basi naandika.

Tulikwenda wote kwa lori la mkate, Gulnaz naye akiwa amejiandikisha. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama kituo cha treni, na wasichana mia wenye nguo za rangi moja na makocha wenye filimbi. Wetu walivaa walichonacho. Inkar alimwangusha wa kwanza kabla sijapata kiti. Wa pili naye akashindwa kwa pointi. Nikaanza kuwaeleza watu waliokaa karibu nami, wote, kwamba huyo ni wangu.

Wa mwisho alikuwa bingwa wa mwaka jana wa uzani wake, binti wa mjini mwenye shingo fupi na wepesi wa paka. Alimpiga Inkar ngwala mara mbili. Pointi nne kwa sifuri, dakika moja imebaki. Kairken alifunika macho kwa kofia. Mimi nilisahau umri wangu, nikapanda juu ya kiti.

Zaure peke yake alikuwa ametulia kando ya mkeka. Alisema neno moja, hakulipaza: "Kiuno."

Yule bingwa akaja kumaliza kazi. Inkar akamwacha aje, akaingia chini ya kwapa, akageuka kidogo tu. Miguu ya bingwa ilipita juu ya kichwa chake, na mgongo ukagonga mkeka, mabega yote mawili. Mwamuzi akapiga kofi sakafuni. Basi! Imekwisha! Mjukuu wangu amechukuliwa, wa kwanza katika uzani wake. Gulnaz naye ametoka wa tatu katika wake, na amewekwa akiba.

Kisha akaja mkuu wa makocha wa ile shule, mwanamume mwenye mvi, kalamu mkononi. "Nani amemfundisha huyu? Ni wa ukumbi gani?"

Zaure alinitazama, akainamisha kichwa. Mkamwana hajisifu mbele ya mama mkwe. Mimi ndiye niliyemfundisha adabu hiyo, na nilimfundisha vizuri mno.

Nikashuka kitini. "Andika gereji ya Rysty," nikamwambia, "mtaa wa mgodi wa zamani. Na kocha ni huyu hapa, mkamwana wangu Zaure. Alikuja kwangu na medali tano nikamkataza kupigana, mbele ya watu nikamcheka. Nilikosea. Miaka kumi na sita nimekosea, na leo nasema mbele ya watu vile vile."

Ukumbi haukunyamaza kama ninavyotaka kukumbuka. Kulikuwa na kelele na filimbi. Lakini yeye alisikia. Alikuja akaniegemea, kichwa begani kwangu, akalia kwa sauti kama msichana wa miaka ishirini na mbili, umri aliokuja nao nyumbani kwangu. Nikamshika. Mabega yake ni kama chuma.

19 Machi
Nje 6 chini, ndani 14 juu.
Inkar amelala mpaka saa tano asubuhi na hakuna aliyemwamsha. Saa kumi jioni walikuja wale wanne kama kawaida. Zaure aliingia nyuma yao, hakuleta filimbi wala daftari. Alikuwa amefunga mkanda.

"Apa," akasema, "Juni kuna mashindano ya wanawake waliopita miaka thelathini na tano. Nataka kujaribu. Nakuomba ruhusa."

"Acha kuniomba," nikamwambia. "Funga mlango, joto linatoka."

Nikavaa glovu, nikatia makaa.